Bibi Harusi Asiyetaka Kuapa Kutii

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya kuhusu kitenzi cha Kiingereza obey, yaani kutii, ni kudhani kwamba ni namna nyingine ya kusema kupenda, au kuheshimu, au kuwa na adabu nyumbani. Sivyo. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na nane, na kosa hili nimelisahihisha kwa wino mwekundu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Wiki hii limeniletea barua kutoka banda la mitambo ya kufuma. Naichapisha nzima katika safu yangu hii ya gazeti, kwa kuwa nadhani aliyeiandika hayuko peke yake. Majina ameyabadilisha mwenyewe.

*

Mpendwa Bi Thirza,

Naomba msaada wako na naomba usinicheke, kwa sababu kila niliyemweleza jambo hili amecheka, kuanzia mama yangu mzazi hadi yule mwanamke anayeuza pai kwenye lango la kiwanda. Mimi ni mfumaji, nina miaka ishirini na saba, nasimamia mitambo minne katika banda lilelile tangu nilipomaliza shule, na nimechumbiwa na fundi wa mitambo wa hapohapo, nitamwita Wilf, mtu mwema ambaye hanywi kupita kiasi na hajawahi kunipandishia sauti, na tunaoana Jumamosi ile viwanda vyote vinapofungwa kwa likizo ya mji, kisha jioni tunapanda treni kwenda Blackpool, ufukweni, wiki nzima kama watu wote. Gauni limeshonwa, nyama ya karamu mama ameshazungumza na mwenye bucha, na keki imekusanyiwa sukari ya mgawo ya nyumba tatu. Kanisani tumeshatangazwa mara moja kati ya zile Jumapili tatu. Kila kitu kiko tayari isipokuwa neno moja.

Kasisi alituita ofisini akatuuliza tunataka tufungishwe ndoa kwa kitabu kipi cha sala, cha zamani au kipya, maana katika cha zamani mume anaapa kupenda na kutunza, na mke anaapa kupenda, kutunza na kutii, ila katika kipya wote wawili wanaapa maneno yaleyale. Alisema kwake yote ni sawa, atasoma tutakachochagua, mradi tumjibu kabla hatujatangazwa mara ya tatu. Nikafungua mdomo niseme kipya, Wilf akanitangulia akasema, "Cha zamani, kasisi, mama anakipenda cha zamani," kana kwamba tunachagua biskuti za kunywea chai.

Njiani nilimuuliza kwa nini amejibu peke yake, akasema, "Ni neno tu, mpenzi. Unalisema, linapita, tunakwenda kula." Nikamwambia kama ni neno tu basi aliseme yeye. Akacheka sana akasema fundi akiapa hivyo mbele ya wafumaji hatapata amani mpaka astaafu, maana unajua sisi tunavyowatania mafundi, kwamba akili zao wanaziacha kazini ndani ya sanduku la spana. Nami nikacheka, tukaingia kununua chipsi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa mama yake, nitamwita Bi Duckworth, ni mjane, na sisi tumepangiwa kuishi kwake, chumba cha mbele cha juu, kwa sababu nyumba za halmashauri ni za kungoja na katika orodha sisi ni wa mia nne na kitu. Kwa mama yangu kuna chumba cha nyuma tu, kinaingia kitanda kimoja na baiskeli ya baba. Basi Jumapili ile tuliyotangazwa Bi Duckworth alitualika chai, akafungua samoni ya kopo aliyoiweka tangu kabla ya vita, nikajua kuna jambo. Akaniambia, wala hakuwa na hasira, "Norah, mimi nililisema, na mama yangu alilisema, na hakuna aliyekufa. Nyumba haiwezi kuwa na sauti mbili. Kama hulisemi kanisani, usipandishe sanduku lako kwenye ngazi zangu." Nikamtazama Wilf. Wilf alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, akaendelea kuipaka mpaka ikafika pembeni.

Kesho yake, Jumatatu, ndipo lilipotokea lile lililonifanya nikuandikie. Nilikuwa kwenye mtambo wa tatu nafunga uzi uliokatika, nikainua macho nikamwona Wilf ng'ambo ya banda amesimama na mafundi wenzake wawili, ananiita kwa kidole. Kwa kidole, Bi Thirza. Mle ndani hakuna anayesikia kitu kwa kelele za mitambo, sote tunazungumza kwa midomo na mikono, kwa hiyo kuitwa kwa mkono si ajabu, lakini mfumaji ndiye humwita fundi mtambo ukigoma, fundi hamwiti mfumaji. Nilidhani kuna hatari. Nikaiacha mitambo yangu yote minne ikiendelea, nikaenda. Nilipofika katikati nikaona midomo ya fundi mzee wao, nikaisoma vizuri kama ninavyosoma gazeti lenu: "Amekuja, na bado hajaapa." Wilf anacheka. Nikageuka nikarudi, nikakuta nyuzi zimekatika kwenye mitambo miwili na kitambaa kimeingia kasoro ya urefu wa mkono wangu. Kinachoniuma si kidole chake. Kinachoniuma ni kwamba nilikwenda.

Basi nikaamua siku ya kiapo nitalimeza lile neno, lisitoke. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, nafika kwenye kutunza, nainamisha kichwa kama bibi harusi aliyezidiwa na machozi, nikikiinua niko kwenye mpaka kifo kitutenganishe. Nikaona mimi ni mjanja. Nikamwonyesha Mavis, anayesimamia mitambo ya jirani nami kwa miaka kumi na miwili, akanitazama mpaka mwisho kisha akasema, "Mwenzangu, upande wako wa kanisa ni mabenchi sita ya wafumaji. Watu wanaosoma midomo kutoka mwisho wa banda. Ukilisema tutaliona, usipolisema tutaliona, na ukijifanya unalia tutajua machozi ni ya uongo." Kisha akanikumbusha kwamba Bi Duckworth naye alifuma miaka thelathini, na atakuwa kiti cha mbele kabisa.

Mama yangu anasema napoteza usingizi bure. Yeye aliapa mwaka wa 1919, na tangu siku hiyo baba ndiye anayewasha moto asubuhi. "Apa, halafu fanya utakavyo," anasema, "ndivyo sote tulivyofanya."

Naomba uniambie basi, wewe uliyefundisha nusu ya mji huu kusoma, neno hili lina maana gani hasa. Kama maana yake ni ndogo kama wote wanavyosema, nitalisema nipate mume na chumba. Lakini kama maana yake ni ile iliyonivuta mpaka katikati ya banda, silisemi, hata gauni likakae sandukuni. Nampenda Wilf. Sitaki kumpoteza kwa ajili ya neno moja, wala sitaki kumpata kwa kusema uongo mbele ya watu sitini wanaojua kusoma midomo.

Ni mimi,
Mfumaji wa Mitambo Minne

*

Mfumaji wangu,

Sijacheka, isipokuwa pale kwenye siagi.

Umeniuliza maana, nami nitakupa maana kwanza, kwa kuwa wewe ndiwe mtu wa kwanza katika mkasa huu wote aliyefikiri kuitafuta. Kitenzi obey kilitufikia kutoka Kilatini, na huko kilikotoka kilikuwa na maana ya kumtegea mtu sikio. Hadi leo tukisema mtoto fulani hasikii, hatumaanishi kwamba masikio yake yana ugonjwa. Lakini maneno hukua kama watoto, na hili limekua likawa gumu kuliko mzazi wake. Leo kutii ni kufanya ulichoambiwa kwa sababu aliyekuambia ana haki ya kukuamuru. Sehemu ya pili ya maelezo hayo ndiyo watu huiruka.

Angalia linavyotumika, utaona. Askari hutii amri. Dereva hutii taa nyekundu. Mbwa wa kuchunga kondoo kule milimani hutii mluzi. Hakuna anayetii ombi. Ombi hukubaliwa au hukataliwa. Hakuna anayetii ushauri. Ushauri hufuatwa au hutupwa, na huu wangu pia unaweza kuutupa. Mume akisema, "Mpenzi, naomba unipitishie chumvi," nawe ukampitishia, hujamtii, umempitishia chumvi. Na kutii hakuhitaji mapenzi hata chembe. Dereva haipendi taa nyekundu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mke ampendaye mumewe hatasita kulisema neno hilo. Mapenzi yamekwisha kutajwa katika kiapo, tena mwanzoni. Hili limewekwa baada yake kwa kuwa lina kazi nyingine.

Kwa hiyo swali unalopaswa kujiuliza si kama unampenda Wilf. Jiulize kama Wilf ana haki ya kukuamuru. Siku ile ya kidole ulilijibu kwa miguu yako mara mbili: ulikwenda ukidhani kuna hatari, jambo ambalo mtu yeyote mwenye moyo angelifanya, na ulipogundua ni amri, uligeuka. Acha kujiona mnyonge kwa zile hatua za kwanza. Hukutii. Ulikwenda kusaidia.

Sasa nikukaripie, maana nawe umestahili.

Hii habari ya kulimeza neno ni ya kitoto, na zaidi ya hayo haifanyi kazi. Inaonekana hakuna kati yenu aliyekifungua kitabu chenyewe. Katika kitabu cha zamani kitenzi hicho kinakuja mara mbili. Kabla hujaapa lolote, kasisi mwenyewe atakuuliza kwa sauti yake kubwa kama utamtii mtu huyu na kumtumikia, nawe utajibu ndiyo. Baada ya hapo hata ukiinamisha kichwa mpaka sakafuni, umeshakubali, na Bi Duckworth hatahitaji kusoma midomo yako kwa kuwa ataisikia sauti ya kasisi na ndiyo yako. Ndoa nzuri haianzi kwa mchezo wa kujificha. Kama unakataa, kataa umesimama wima.

Mama yako namheshimu, na nimefurahi kwamba baba anawasha moto. Lakini anachokufundisha ni kuapa kwa midomo na kutangua kwa matendo, kisha kujisifia kwa majirani miaka thelathini na miwili. Alifanya hivyo kwa sababu mwaka wa 1919 hakuwa na kitabu cha pili mezani. Wewe unacho. Kizazi chake kilidanganya kwa lazima, na sioni kwa nini wewe udanganye kwa hiari.

Na hao wanaokuambia ni neno tu, wapime kwa matendo yao. Bi Duckworth amelifungulia kopo la samoni lililovuka vita nzima. Ameliwekea chumba cha mbele rehani. Je, mtu hukunyima mahali pa kulala kwa ajili ya kitu kisicho na uzito? Mama huyo anaujua uzito wa kitenzi hicho kuliko mwanawe, tena namsifu kwa kusema wazi, kwani amekueleza kabla ya harusi, si baada yake, jinsi nyumba yake itakavyoendeshwa. Hakusema ile sauti moja ya nyumba itakuwa ya Wilf, wala mimi sidhani ndivyo alivyomaanisha. Msikilize, mshukuru kwa chai, na umwamini anaposema usipandishe sanduku.

Chumba basi. Utaniambia ni rahisi kwa kikongwe mwenye nyumba yake kusema hivyo. Lakini umeniandikia mwenyewe kwamba kwa mama yako kuna chumba kinachoingia kitanda kimoja na baiskeli. Toeni baiskeli. Mtabanana, mtagongana viwiko mkivaa asubuhi, na mama yako atawaudhi kwa namna nyingine, lakini hakuna atakayekuuliza uliapa nini ndipo akupe shuka. Watu wawili wanaopendana wanaweza kungoja zamu ya mia nne na kitu katika chumba kidogo. Kungoja katika chumba kikubwa ambacho mlango wake unafunguliwa kwa amri ni kurefu zaidi, hata siku zikiwa zilezile.

Kuhusu hicho kitabu kipya, usikubali mtu akuambie ni cha wapagani. Bunge lilikikataa, na maaskofu wakakitumia vivyo hivyo kwa sababu waliona ni cha haki. Ukikichagua utakuwa umeungana na kundi la wazee waungwana waliovaa kofia ndefu, ambao nao walipoamriwa hawakutii.

Nije kwa Wilf. Simwoni kama mtu mbaya. Namwona kama mtu aliyekaa katikati ya wanawake wawili na mkate, akitumaini siagi itachukua muda mrefu. Kidole kile kilikuwa cha kuwafurahisha mafundi wenzake, na nina hakika alipoiona ile kasoro kwenye kitambaa alijua amefanya upuuzi. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, mwanangu, nikitafuta mahali ulipomwambia kwamba hutalisema. Hapapo. Umemwambia Mavis, umemwambia mama yako, umemwambia muuza pai, umeniambia mimi na sasa wasomaji wote wa gazeti hili. Yeye umemtania, akakutania, mkanunua chipsi. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutosikia jambo ambalo hukulisema, hasa mtu anayefanya kazi mahali pasiposikika kitu.

Nitakuambia jambo moja langu, kisha nitanyamaza. Nilipokuwa na umri wako, mwalimu wa kike akiolewa alipoteza darasa lake. Lilikuwa agizo la halmashauri. Kulikuwa na mtu, mwalimu mwenzangu wa hesabu, aliyetaka tuoane na tulipiganie jambo hilo kwa barua na mikutano. Niliogopa. Sikuiambia halmashauri neno lolote, na yeye sikumwambia hapana. Nilimwacha aelewe mwenyewe, na baada ya mwaka mmoja na nusu akaelewa, akahamia mji wa Leeds. Miaka mingi baadaye agizo likafutwa kwa karatasi moja, asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza. Kwa hiyo kitenzi hiki sikukijulia kwenye kamusi peke yake. Nimekitii, na najua kilichobaki mezani baada ya kukitii.

Wewe hujachelewa. Ukimwambia Wilf, moja katika mambo mawili litatokea. Huenda akashtuka, akakuna kichwa, akaenda nawe kwa kasisi kabla ya Jumapili ya tatu na kusema kitabu kipya, kisha akaenda kumkabili mama yake, kazi ambayo ni yake na si yako. Huyo utaolewa naye Jumamosi ile, na wafumaji wa mabenchi sita wasome midomo yenu wote wawili wapendavyo, kwa kuwa itasema maneno yaleyale. Au huenda akakuambia kwamba bila neno hilo hakuna harusi. Hapo utakuwa umejua, wiki mbili kabla, kwamba kwake halikuwa neno tu. Itauma, wala sitakudanganya kwamba itapona haraka. Vua gauni, lifunge vizuri kwa karatasi, uende Blackpool na Mavis.

Lakini usimwonyeshe kwa kidole, usimtanie, wala usimwambie kwa midomo kutoka ng'ambo ya banda. Leo jioni, king'ora kikishalia na mitambo yote ikishanyamaza, simama mbele ya Wilf na umwambie kwa sauti: "Sitaapa kukutii."